Kabla hamjaita kebo feki, angalieni hatua ya mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mambo ya mafundi hayana wasomaji wengi kama ya mpira ila hili limeshaanza kula hela za watu hapa Dodoma na mimi nimeshindwa kukaa kimya. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji wa Kisasa, analalamika kwamba maduka ya hapa mjini yanauza kebo feki za antena, na ushahidi wake ni kwamba ameipima kebo yake kwa VNA, ile vekta netiweki analaiza, mashine ya kupimia kebo, filta na antena, ikamwonyesha grupu dilei hasi. Hasi kabisa, chini ya sifuri. Akasema kebo ya namna hiyo ni mbovu kwa sababu hakuna kebo duniani inayotoa mawimbi kabla hayajaingia. Hapo mwishoni yuko sahihi, hakuna. Sasa kama hakuna, mbona hakujiuliza kwamba labda tatizo ni jinsi alivyoiseti mashine?

Simjui huyo ndugu na sina ugomvi naye, wala mimi siuzi kebo, wasije watu wakasema nimetumwa na wenye maduka. Mimi ni fundi wa mitambo ya redio, kibanda changu kiko Majengo, na nimeanza kazi hii enzi ambazo VNA unaiona kwenye vitabu tu au ukibahatika kwenye maabara ya watu wakubwa, limashine la kubebwa na watu wawili. Leo kijana anakuja nayo mfukoni anaichaji kama simu. Tangu zile NanoVNA zianze kusambaa mwaka 2019 kila anayechezea antena anatafuta ya kwake na mimi nafurahi sana, isipokuwa wengi wanajifunzia kwenye video fupi ya mtu anayebonyeza vitufe haraka haraka halafu namba ikitokea kwenye skrini basi, hiyo ndiyo hukumu.

Kwa wasomaji ambao sio mafundi nieleze kwanza hii grupu dilei ni mdudu gani. Chukulia msafara wa harusi unatoka Chamwino unakuja mjini. Mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake gari la maharusi, halafu Noah za ndugu na jamaa. Lori likikata njia pale Ihumwa msafara wote ukachelewa nusu saa, harusi bado ni harusi, watafika wamejipanga vilevile na matarumbeta yao mbele. Lakini ikitokea pikapu imepita, maharusi wamekwama, Noah mbili zimezunguka njia nyingine zikawahi, hapo ukumbini anaingia shangazi kabla ya bibi harusi na ule mpangilio wote umevurugika japo hakuna gari hata moja lililopotea. Mawimbi ya redio yenye sauti ndani yake ndivyo yalivyo, sio frikwensi moja, ni msafara wa frikwensi zimeongozana, na grupu dilei inakuambia kwenye kila frikwensi msafara unacheleweshwa muda gani ukipita kwenye kebo au filta, yaani kichujio cha frikwensi, au chochote ulichokiweka katikati. Kwenye FM ya stereo ucheleweshaji usiolingana unaharibu utengano wa kushoto na kulia na unaleta sauti ya kukwaruza, mtangazaji analaumiwa mikrofoni kumbe ni filta.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Ukiiomba VNA grupu dilei haishiki saa ikahesabu muda. Inapima fezi, yaani mzunguko wa wimbi umefika digrii ngapi, kwenye pointi moja ya frikwensi, inahamia pointi inayofuata inapima tena, inachukua tofauti ya hizo fezi mbili inaigawa kwa 360, inaigawa tena kwa tofauti ya frikwensi kati ya hizo pointi, inageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha, basi. Hiyo namba unayoiona ni hesabu ya mteremko kati ya pointi mbili. Kwa hiyo umbali kati ya pointi na pointi, mimi naita hatua, ndio unaoamua namba yako iwe ya maana au ya kuchekesha.

Siku tatu baada ya hiyo barua kutoka akaja kijana kibandani kwangu, ana kipande cha gazeti lenu mkononi na roli ya kebo begani. Shikamoo mzee, marahaba, mzee na mimi nimepigwa kama huyu wa gazetini. Kebo yenyewe ni RG-213, kanunua mita 20 kwa ajili ya antena ya redio ya jamii anayoisaidia huko wilayani, na tayari alishaandika meseji ya kumtishia mwenye duka polisi ila alikuwa hajaituma. Nikamwambia tulia, iunge hapa mezani kama ulivyoiunga nyumbani, usibadilishe kitu. Akaunga ncha moja porti ya kwanza, ncha nyingine porti ya pili, akawasha. Kweli bwana, kastari kamenyooka vizuri tu kamekaa kwenye hasi 14. Nanosekunde hasi 14, na nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni.

Nikaangalia juu ya skrini. Mwanzo megahezi 1, mwisho megahezi 901, pointi 101. Pointi 101 zina nafasi 100 katikati yake, kwa hiyo hatua ni megahezi 9. Sikusema kitu, nikamwambia punguza mwisho uweke 601. Akaweka, akakalibreti upya, yaani akaiweka mashine sawa kabla ya kupima. Kastari kakaruka kakaenda hasi 70. Akashtuka, akasema mzee imezidi kuharibika. Nikamwambia weka 301. Ikaja 97, chanya. Weka 101. Ikaja 97 ileile. Nikamuuliza, kebo imeguswa? Hapana. Imekatwa? Hapana. Sasa kebo moja, meza moja, dakika ishirini hazijapita, imekuwaje iwe na dilei tatu tofauti?

Kilichotokea ni hiki. Mawimbi kwenye kebo yenye plastiki ngumu ya polithini ndani kama hiyo RG-213 yanakwenda asilimia 66 hivi ya mwendo wa mwanga, ukipiga hesabu kila mita inakula nanosekunde 5 na kachembe. Kebo ya nanosekunde 97 ukiruka frikwensi megahezi 9 fezi yake inashuka digrii 314. Ila mashine haijui kwamba imeshuka 314, yenyewe inaona mshale ulikuwa hapa sasa uko pale, na kwa mashine njia fupi ya kutoka hapa kwenda pale ni digrii 46 kwa upande wa pili. Inaandika imepanda 46. Gawa kwa 360, gawa kwa megahezi 9, unapata nanosekunde 14, na kwa sababu imepanda badala ya kushuka inakuwa hasi.

Nilimwelezea kwa saa ya ukutani. Kuna mgahawa jirani yangu wana saa kubwa, nikamwambia chukulia unapita pale kila baada ya dakika 52 na unaangalia mshale wa dakika peke yake, wa saa umeziba kwa kidole. Mara ya kwanza uko kwenye 60, ukirudi uko kwenye 52, ukirudi tena uko kwenye 44. Wewe utaapa mbele ya watu kwamba saa ya mama ntilie inarudi nyuma dakika 8 kila ukipita. Saa haina kosa, wewe ndio unapita kwa nadra. Ukianza kupita kila dakika 20 utaona inakwenda mbele kama saa nyingine zote.

Ndiyo maana kuna kikomo, na kikomo hiki fundi akikishika kichwani ameshapona nusu ya ugonjwa: fezi isibadilike zaidi ya nusu mzunguko, digrii 180, kati ya pointi na jirani yake. Dilei kubwa kabisa unayoweza kuiamini ni moja gawanya kwa hatua, halafu nusu yake. Hatua ya megahezi 9 inakupa nanosekunde 55 na nusu tu, yaani kebo ya RG-213 isiyozidi mita 11. Ukiweka mita 20 hapo unajitafutia kesi. Halafu kuna mashine ambazo hazihesabu kati ya pointi na jirani, zinaruka moja katikati ili mstari uwe laini, na hizo kikomo chake kinakatika tena nusu, kwa hiyo mimi nikiwa na wasiwasi siulizi kitabu, nabadilisha upana tu, yaani kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyofanya kwa yule kijana. Namba inayohama kila ukibadilisha hatua sio ya kebo, ni ya mashine. Ya kebo inakaa palepale.

Nikasema mwanzo limeshakula hela za watu. Kuna kituo kimoja kidogo cha redio, sitakitaja wala sitasema kiko upande gani, waliletewa mtu wa kukagua mnara akaandika ripoti nzuri yenye rangi kwamba kebo ya kupanda juu ina grupu dilei ya nanosekunde chache sana isiyolingana na urefu wake na ibadilishwe haraka. Wakabadilisha. Meneja akauza hadi jenereta ya akiba kupata hela hiyo. Ile ya zamani ikatupwa nyuma ya jengo kwenye matete, mbuzi wanaipanda. Nilipoitwa kwa shughuli nyingine nikaiona, nikaipima hapohapo chini kwa hatua ndogo, nzima kabisa. Sikuwa na moyo wa kumwambia meneja siku ile, nilimwambia baadaye. Ripoti haikuandika popote mwanzo ni ngapi, mwisho ni ngapi, pointi ngapi. Namba tupu.

Ila nisijifanye msafi. Na mimi nimeshamtia mtu hasara, tena kwa kosa la upande wa pili, na hilo ni baya zaidi kwa sababu linafanywa na wale wanaojiona wanajua. Baada ya kujifunza kwamba hatua kubwa inadanganya nikawa nabana upana kila mahali, kadiri nilivyobana ndivyo nilivyojiona mtaalamu. Nikaitwa kuangalia filta ya kaviti ya FM, yale madumu matatu ya aluminiamu yaliyounganishwa, inapitisha kama megahezi 2 tu. Nikaweka upana wa megahezi 4, pointi 201, hatua kilohezi 20. Filta kama hiyo katikati yake inachelewesha nanosekunde 300 na ushee, hiyo ni kawaida, filta ikiwa nyembamba inachelewesha zaidi. Mimi nikaona mstari umejaa miiba, inapanda inashuka nanosekunde 20 huku na huku kama nyasi za Bahi kiangazi. Nikasema filta imeharibika, skrubu zimelegea ndani. Nikaifungua. Nikazungusha skrubu za tyuningi mchana kutwa kufuata miiba, na miiba haikuisha, na jioni stereo yao ikawa mbaya kuliko nilivyoikuta. Ilibidi nirudi mara tatu kwa nauli yangu.

Hesabu yake naijua leo. Kwa hatua ya kilohezi 20 filta ya nanosekunde 318 inabadilisha fezi digrii 2 na kidogo tu. Mashine yangu ilikuwa na kelele ya fezi kama sehemu moja ya kumi ya digrii kwa kila pointi, na ukitoa pointi mbili zenye kelele zinakuletea 0.14 hivi. Hiyo 0.14 ukiigawa kwa 360 halafu kwa kilohezi 20 unapata karibu nanosekunde 20. Nyasi zote zile zilikuwa kelele za mashine, filta ilikuwa imetulia zake. Ningeiambia mashine ihesabu mteremko kwa kidirisha kipana zaidi, yaani kati ya pointi zilizo mbali zaidi, tuseme kilohezi 200, kelele zingeshuka mara kumi zikawa nanosekunde 2 na ningeona umbo halisi, katikati pametulia na pembeni pamenyanyuka kama masikio ya sungura, ndivyo filta kali za namna hiyo zilivyo kwa asili yake.

Kwa hiyo hatua kubwa inakudanganya kwa kuruka mzunguko, hatua ndogo inakudanganya kwa kelele, na kidirisha kikiwa kipana mno kinakulia yale masikio, unapata mstari mzuri umenyooka wa kumwonyesha bosi kumbe umeifuta filta yenyewe. Mimi naanza mpana naenda nikibana, naangalia umbo likiacha kubadilika na nyasi bado hazijaota nasimama hapo, halafu naandika kidirisha nilichotumia. Na nje ya pale filta inapopitisha msiangalie dilei kabisa. Huko mawimbi yamezimika, mashine inasikiliza kelele zake yenyewe, fezi inarukaruka ovyo, na dilei inachora michoro ya kutisha mpaka maikrosekunde mbili na nusu ukiwa na hatua ya kilohezi 200. Nimeshaona mtu mzima anahangaika na hiyo michoro siku nzima, anapiga simu Dar.

Kuna kitu kimoja cha faida sana ambacho watu wanakipita. Ukipima kebo ukaona dilei haijanyooka ila ina vimawimbi vilivyopangika vizuri, panda shuka panda shuka kwa umbali uleule, usikimbilie kulainisha vipotee. Hivyo vinaongea. Vinasema kuna sehemu mbili zinarudisha mawimbi, mara nyingi konekta mbili zilizokaa vibaya, na mawimbi yanapigwa danadana katikati yake. Pima umbali wa kimawimbi kimoja kwa megahezi, gawa moja kwa huo umbali, gawa mbili, umepata muda kati ya hizo sehemu mbili. Vikijirudia kila megahezi 5 kwenye RG-213 ya mita 20, ubovu umetengana mita 20 hivi, basi ni konekta za ncha mbili za kebo yenyewe. Vikijirudia kila megahezi 10 ni mita 10, nenda katikati ya kebo utafute pale ilipokunjwa au ilipolaliwa na bati. Mwaka juzi nilipata kebo ya namna hiyo, mita kama tisa na nusu kutoka juu tukakuta panya ameitafuna mpaka kwenye nyaya za nje, na hakuna aliyepanda kuangalia kabla ya kipimo kwa sababu kwa macho ya chini ilionekana nzima. Na vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe, konekta ikikaa wazi miezi miwili ukiifunga tu unasikia inakwaruza kama imewekewa mchanga. Safisheni konekta kwanza jamani, spiriti na pamba, kabla ya kulaumu chochote.

Sasa msije mkaondoka hapa mnasema fundi wa Majengo kasema dilei hasi zote ni uongo. Zipo za kweli. Filta ya kukata, ile inayochimba shimo kwenye frikwensi moja, ukipima pale penye shimo unaweza kukuta hasi ya halali kabisa, na haimaanishi kwamba mawimbi yamesafiri kwenda jana. Pale shimoni mawimbi yamebaki machache sana, na umbo linalotokea nje linakuwa limesukumwa mbele kwa sababu sehemu ya nyuma ndiyo imeliwa zaidi, kile kilele kinaonekana kimewahi ila hakuna habari mpya iliyopita kabla ya wakati wake. Hiyo ya kweli utaijua kwa sababu inakaa mahali pamoja, palepale penye shimo, na ukipunguza hatua haihami. Ya yule kijana ilikuwa hasi kuanzia megahezi 1 mpaka 901, kebo tupu isiyo na shimo lolote. Hiyo haiwezekani hata kidogo.

La kukalibreti nisilirefushe. Usipokalibreti pamoja na kuunganisha zile nyaya zako za kupimia uso kwa uso, unapima na nyaya zenyewe, mbili za sentimita 30 zinakuongezea karibu nanosekunde 3 na kwa kebo fupi hiyo ni kosa kubwa. Ukibadilisha upana, kalibreti upya. Mimi kibanda changu ni cha mabati, nafanya asubuhi, ikifika saa saba mchana pale ndani hata soda inachemka na mashine nayo inaanza kuyumba. Na ukipima kwa porti moja tu ncha ya pili ikiwa wazi, mawimbi yanakwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili. Yule kijana alijaribu na hiyo akapata 194, akaniangalia akasema mzee sasa imekuwa mita 38. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Ninachowaomba waandishi wenu na wale wanaoandika ripoti za kukagua mitambo ni kitu kidogo tu, ukiandika grupu dilei andika mwanzo, mwisho, pointi na kidirisha cha kulainishia. Mstari mmoja. Na wanaopokea ripoti, mameneja wa redio, wachungaji wenye redio za dini, halmashauri, ukiletewa namba haina huo mstari usisaini. Na wewe ndugu wa Kisasa, nakusihi kwa heshima, weka mwisho kwenye megahezi 101 upime tena kabla hujaenda kugombana na mtu. Ukitaka kujua kama kebo ni feki dilei sio mahali pa kwanza pa kuangalia, angalia losi, yaani nguvu inayopotea njiani, mita 20 za RG-213 ya kweli kwenye megahezi 100 hazili zaidi ya desibeli moja na nusu. Ikila tatu au nne hapo njoo na gazeti tutaandika wote.

Halafu nimalizie ya yule kijana maana sijaimaliza. Aliposhika kwamba 97 ndiyo ya kweli akafurahi, akafuta meseji ya polisi, akaanza kukunja kebo. Losi tulikuwa tumeshaiangalia, iko vizuri. Mimi nikabaki naiangalia ile 97. Mita 20 ilitakiwa inipe 101. Nanosekunde nne pungufu, kwa nanosekunde tano kila mita, hiyo ni kama sentimita 80. Nikamwambia usikunje, ikunjue. Tukaitoa nje tukainyoosha kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye mwembe wa mama muuza maji, watoto wakaja kushika, nikatoa futi kamba. Mita 19 na sentimita 20.

Kijana akanyamaza kidogo. Akasema mzee kwa hiyo nimepigwa. Nikamwambia umepigwa, ila sentimita themanini, nenda ukadai themanini usiende kudai roli nzima. Akaiweka begani akashuka nayo kuelekea sokoni, kipande cha gazeti lenu akakiacha mezani kwangu.

Ni mimi,
Fundi mitambo ya redio,
Majengo, Dodoma.